Majibu Kutoka Jikoni

Wanafunzi walimpachika jina la Shii, kwa kuwa ndilo neno pekee walilowahi kumsikia akilitamka katika maktaba ya chuo. Kwa miaka minne alikuwa akigonga mihuri kwenye vitabu vya watu wengine, na moyoni alitamani kitu kimoja tu, kuandika. Tangazo la kituo cha televisheni, la shindano la tamthilia, lilipobandikwa mlangoni, mkutubi mkuu alimwita.

"Mdogo wangu, wanataka kurasa thelathini. Mshindi anaajiriwa mwandishi pale kituoni. Jaribu, au unasubiri uote kuvu pamoja na hivi vitabu?"

"Nitajaribu, dada."

Akaandika kuhusu baba yake, fundi umeme aliyefariki miaka mitatu nyuma. Kila jioni alikaa sebuleni na penseli yake, hafungui mdomo, huku mama yake akihangaika na sufuria nyuma ya pazia la jikoni. Kwenye ukurasa wa tatu aliandika: BABA: Mke wangu, upo?

"Abee!" mama akaitika.

Shii akacheka peke yake. Akaendelea: BABA: Koleo langu umeliweka wapi?

"Si juu ya kabati, ulipoliacha mwenyewe! Mwanamume huyu ipo siku atapoteza hata kichwa."

Shii akaweka penseli chini, akaliendea pazia. Alipochungulia, mama alikuwa akimenya vitunguu, akitabasamu, ameelekea kiti kitupu.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na baba yako. Si wewe umemwita?"

Hofu ilimwingia, lakini uchu wa kuandika ukaizidi. Tangu hapo hakuhangaika tena kutunga majibu. Aliandika neno la BABA, akasubiri mama ajibu, kisha akalinakili lile jibu kama lilivyotoka. Mazungumzo yalitoka hai, yakiwa na utani na ugomvi wa watu waliozoeana. Mkutubi alisoma kurasa ishirini, akavua miwani.

"Hii inashinda. Wala sikupambi."

Mama naye alinawiri. Akaanza kusuka nywele tena, akawa anakula na kushiba.

Mwisho wa kupokea miswada ulikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Saa tisa na nusu lilikuwa limebaki tukio moja: BABA anatoka asubuhi ile aliyokwenda kazini asirudi tena. Bila hilo tamthilia haina mwisho. Shii akaandika haraka haraka: BABA: Haya, mimi natoka.

"Ningoje basi," mama akasema. "Navaa viatu, twende wote."

Shii alikurupuka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafunga kiatu cha kwanza cha kutokea, na mlango wa nyuma u wazi. Alipomshika mkono, ulikuwa baridi kama bomba.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Anakokwenda yeye."

Akakimbilia mezani. BABA: Wewe baki nyumbani.

Mama akavaa kiatu cha pili.

"Hilo umelisema wewe, mwanangu. Baba yako hajawahi kuniambia hivyo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasorobo. Mpaka kwenye geti la kituo ni dakika kumi kwa miguu. Shii akaitazama ile sentensi ya BABA kutoka, iliyomaliza kazi yake, akachukua ufutio, akaisugua mpaka karatasi ikachanika. Juu ya mchaniko akaandika: BABA: Leo siendi popote. Chai ipo?

Mlango wa nyuma ukafungwa taratibu.

"Ya rangi au ya maziwa?"

Jumatatu mkutubi alimdaka kabla hajaweka mkoba chini.

"Enhe, umepeleka?"

"Haijaisha, dada."

"Haijaisha! Shindano si limeshafungwa, wewe mtoto?"

"Najua. Nilikuwa naomba karatasi, kama zimebaki."

Sasa yupo ukurasa wa mia na kumi. Anaandika habari za balbu iliyoungua, za jirani, za mvua. Jana alichelewa kutoka kazini, akamkuta mama amesimama katikati ya jikoni, ametega sikio.

"Baba yako kanyamaza tangu asubuhi," mama akasema. "Umemfanya nini?"

Shii akaketi na koti lake mwilini, akaanza kuandika.