Shanga Juu ya Meza ya Nesi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja hapa Lodwar. Mbele yangu mama wa miaka hamsini hivi alivua shanga zote za shingoni, akaziweka juu ya meza ya nesi. Benchi zima likageuka kumtazama, maana Turkana mwanamke huzivua hivyo akifiwa na mume.

"Pole, mama," nesi akasema. "Mzee amefariki lini?"

"Mzee iko hai. Ni joto. Inapanda kifuani mpaka kichwani, nalowa jasho, shanga zinanichoma nazivua, hata nyumbani, halafu inaisha. Damu ya mwezi ilikatika mwaka jana. Nimekunywa mizizi, nimepewa dawa ya malaria mara tatu. Nikisema joto, wanasema hata wao wanasikia joto."

Nesi alimweleza kuwa ni kukoma hedhi, na kwamba dawa za homoni zipo, ila daktari ampime kwanza presha na matiti, na mama amtajie hiyo mizizi.

"Nitaweza kuzivaa tena?" mama akauliza. "Mzee anasema nimemzika mapema."

Lodwar joto ni la kila mtu, kwa hiyo la kwake halikuaminiwa. Mwaka mzima aliungua bila kuambiwa pole. Aliambiwa siku alipodhaniwa mjane.