Kona Moja ya Mdomo wa Kompyuta

Mume wangu alipofariki, aliniachia masomo ishirini na mawili aliyokuwa ameniandikia mapema, ambayo nilikuwa sijayasoma. Yamo ndani ya kompyuta ya mezani, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Pate. Nilipoingia darasa la ngumbaru nikiwa na miaka arobaini na mitatu, alianza kuniandikia ukurasa mmoja kila Ijumaa baada ya sala, kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho yangu yalikwisha kuchoshwa na ushonaji wa kofia. Mimi nilijibu maswali, yeye akasahihisha. Nilipohitimu, nikaanza kumsahihisha yeye, hasa tarehe. Tarehe hazikumkaa kichwani kamwe.

Alifariki Jumanne, siku ya kumi na saba ya mwezi wa Mfungo Tano. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na nilipotoka nikakuta skrini imeliwa na chumvi ya hewa yetu, haiwaki tena. Kompyuta yenyewe ilikuwa ikinguruma bado, lakini kama mtu mwenye kifua kibovu. Niliona wazi kwamba ikizimika kabla sijasoma, masomo yale yatakwenda nayo.

Niliagiza skrini iliyotumika, ikaja bila waya. Waya wa zamani, ule wa kichwa cha buluu chenye pini kumi na tano, haukupata pa kuingia kwenye skrini hiyo. Nikaigeuza kompyuta, nikaona mdomo mwingine mwembamba wa kuchomekea waya, ambao haukuwahi kutumika, na nyuma ya skrini palikuwa na midomo miwili, mmoja ukifanana nao kabisa. Hapo sikukosea. Nilikosea katika kipimo.

Kwetu msafiri haagizwi kwa maneno matupu, hupewa kipimo. Mume wangu kila alipokwenda Mombasa aliniweka mguu juu ya gazeti, akauzungushia penseli, akakata, akaukunja ule mguu wa karatasi na kuutia katika mfuko wa kanzu. Hakurudi hata mara moja na viatu vya kunibana. Basi nami nikakandamiza karatasi juu ya mdomo wa kompyuta, nikasugua kwa kipande cha mkaa, alama ikatoka. Kona moja ilikuwa imekatwa mshazari, ya pili ilikuwa mraba. Nikaamini mkono umeteleza. Miaka thelathini ya kofia ilinizoesha kwamba upande wa kulia hujibu wa kushoto, na ua lililoegemea upande mmoja limekosewa. Nikachukua mkasi, nikakata kufuata alama, na kona ya pili nikaikata mshazari pia.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa akienda Lamu Jumanne, tarehe tatu Rajabu. Alikiinua kipimo kwenye mwanga.

“Wifi, hiki ni cha kompyuta au cha kofia ya bwana harusi?”

“Wewe peleka dukani. Si kazi yako kukisoma.”

“Sikisomi. Msomi ni wewe. Hata kaka yangu alikuwa akikuogopa.”

Jumatano akarudi na waya. Ncha moja iliingia kwenye skrini vizuri. Ya pili ikakataa kwenye kompyuta. Wifi akaigeuza, akaisukuma, hata nikamshika mkono.

“Utaivunja.”

“Basi mwenye duka kakudhulumu.”

Neno hilo lilinipendeza, nikakaa nalo siku tano. Jumatatu, tarehe tisa, nilishuka bandarini Mtangawanda, nikapanda boti kwenda Lamu nikiwa nimeyapanga maneno yangu yote.

“Bwana, nilikuletea kipimo, nawe ukanipa kisicho chake.”

Mwenye duka hakubishana. Alifungua droo, akaitoa karatasi yangu, akainyoosha juu ya meza.

“Bi, kona mbili zilizokatwa ni mdomo wa HDMI, na HDMI ndiyo niliyokupa. Ikiwa mashine yako ina kona moja tu, hiyo ni DisplayPort, waya wake ni mwingine. Karatasi hii ameikata nani?”

Nyuma yangu walisimama wateja wawili. Ningeweza kumtaja wifi, naye hakuwapo kujitetea. Nikautazama ule mkato wa pili, ulionyooka kuliko wa kwanza.

“Ni mimi,” nikasema. “Kona ya pili niliiongeza.”

“Ulitaka zilingane.”

“Nilitaka zilingane.”

Akanibadilishia waya, akanionyesha kitufe cha kubonyeza wakati wa kuuchomoa, akaniusia niyanakili masomo yangu kwenye flashi siku hiyo hiyo nitakapoyafungua.

Niliyafungua Jumanne, tarehe kumi Rajabu, baada ya alasiri, wifi akiwa pembeni yangu. Waya uliingia pande zote mbili, skrini ikawaka. Nilinakili kwanza, kisha nikafungua somo lililofuata pale tulipoishia. Lilikuwa juu ya harusi yetu, kwa zile herufi zake kubwa: “Tulioana Alhamisi, na mvua ikanyesha.”

Tulioana Ijumaa. Alhamisi nilikuwa nikipakwa hina, na mvua ilinyesha juu ya hina hiyo. Kidole changu kilikwisha kufika kwenye kibodi.

“Kakosea tena?” wifi akauliza.

“Kakosea.”

“Mbona husahihishi?”

Nikakirudisha kidole mapajani. “Iache. Alhamisi ni yake.”

Nikateremsha ukurasa, nikaendelea kusoma kwa sauti ili naye asikie. Yalibaki masomo ishirini na moja.