Mkono Niliokatazwa

Harufu ya murram, udongo mwekundu wa kokoto, ulionyeshewa hunirudisha Homa Bay, miaka ya tisini, kwenye kiwanja cha tenisi cha shule yetu ya msingi. Wavu wetu ulikuwa wa kuvulia samaki, uliochakaa ukatolewa sadaka.

Nilizaliwa mashoto. Nyanya yangu, tuliyemwita Dani, hakulipenda jambo hilo. Nikimpa kikombe kwa mkono wa kushoto, hakukipokea mpaka nibadilishe. Basi nikajifunza kula, kuandika na kusalimia kwa kulia, na hata raketi nikaishika kwa kulia. Nilicheza vizuri, isipokuwa bekihendi, pigo la upande wa kushoto ambalo raketi hushikwa kwa mikono miwili. Mpira ukija upande wa kushoto niliuzika wavuni, na wenzangu wote walijua pa kunilenga.

Mwalimu Awino, aliyetufundisha hesabu na tenisi, alinitazama siku kadhaa, kisha akanipeleka kwenye ukuta wa stoo.

"Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto umelala," akaniambia. "Weka wa kulia mgongoni. Piga na wa kushoto peke yake."

Nikamweleza kwamba nyumbani nimekatazwa. Akatabasamu, akasema hapa hatukuja kula.

Wiki mbili niliupiga ukuta ule. Mwanzoni niliona haya kama mwizi. Halafu mkono ukachangamka, mipira ikaanza kugonga ukuta kwa mlio mzuri. Niliporudisha wa kulia kwenye mpini, kazi yake ikawa kuongoza tu. Wa kushoto ndio uliopiga. Nikazoea kugeuza bega mapema, kabla mpira haujafika.

Mashindano yalikuwa Migori, na Dani akaja, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Msichana mrefu kutoka Kegonga alikuwa amesikia habari zangu, akanipigia kila mpira upande wa kushoto. Yote ilirudi. Wa mwisho ulipita kando yake, ukagusa chokaa ya mstari, naye hakusogea. Sijawahi kusimama wima kama siku ile.

Jioni, maji ya ugali yalipochemka, Dani alinikabidhi mwiko.

"Songa na mkono unaotaka," akasema.

Nilidhani amechoka kunirekebisha. Nimekuja kuelewa ukubwani, nilipopata vitukuu wake wa kuwalea: nyanya kama yule hamwombi mtoto radhi kwa maneno. Humpa mwiko.