Joto la Kimondo

Juzi mjukuu wangu aliandika katika daftari lake la Maarifa ya Jamii kwamba kimondo cha Mbozi kilitoka angani, "kama watu wasemavyo." Nilimrudishia daftari, nikakumbuka alasiri moja ya enzi zangu za shule.

Kila Ijumaa mwalimu wetu wa jiografia alitutaka tusome mbele ya darasa jambo tulilolihakiki wenyewe. Aliyeleta la kusikia alisimama hadi kengele. Nilikuwa nimesimama Ijumaa mbili mfululizo. Hivyo alipotupeleka kwenye kimondo, nilibandika viganja juu ya chuma kile cheusi, chenye harufu ya kufuli lililonyeshewa. Kilikuwa cha moto.

"Mwalimu, hakijapoa tangu kianguke."

"Basi tuchemshie chai, bwana," mwenzangu akasema, na wote wakacheka.

Mwalimu hakucheka. "Gusa jembe lile pia."

Jembe la mlinzi lilikuwa limelala juani. Nalo lilikuwa la moto vilevile. Nikajua nitasimama tena.

"Andika hivyohivyo, pamoja na kosa lako," mwalimu akasema. "Ijumaa utasoma wa kwanza."

Nikarudisha viganja pale. Jua lililopasha jembe la shambani lilikuwa likipasha kitu kilichotoka mbali kuliko mwezi, nami nilikuwa nimekishika.