Mfalme Niliyemkereza kwa Mikono Yangu

Walisema sitaweza. Karani mkuu alisema kichwa changu kiliumbwa kwa ajili ya nyundo. Mwalimu alisema labda nitajifunza mwendo wa askari, kwa kuwa askari huenda mbele tu bila kuuliza, lakini mwendo wa farasi sitaushika hata nikifundishwa mwaka mzima. Muganga msaidizi wa hospitali, aliyependa kuonekana mpole, alisema watu wasinilaumu, kila mtu amepewa kipimo chake. Na yaya yangu, yaani mkubwa wangu, mtoto wa mama yangu mwenyewe, aliyekuwa akiuza bia mle ndani, alicheka pamoja nao. Nawataja hawa wanne mwanzoni kwa sababu niliwabeba kifuani miaka sita, na sikumdondosha hata mmoja njiani.

Mle ndani palikuwa cercle, nyumba ya mikutano ya makarani na walimu wa sité, mtaa wa weusi wa Élisabethville, watu waliovaa tai hata Jumamosi na waliosemeshana Kifaransa hata wakiomba chumvi. Mimi nilikuwa mkereza katika karakana ya reli. Ukinipa kipande cha chuma au cha mti nikakifunga kwenye mashine ya kukereza, nilikirudisha mviringo usio na kosa, na wazungu wa karakana walilijua hilo kuliko ndugu zangu.

Ndiyo maana karani mkuu alinijia. Alikuwa amewaona wazungu wakicheza eshek, yaani sataranji, kwenye baraza la hoteli, akaona mchezo ule ndio unaomfaa mtu kama yeye, maana dama ilikuwa imeshakuwa ya kila mtu, hata wachimbaji waliicheza chini ya taa za barabarani kwa vifuniko vya chupa. Akaniletea picha iliyokatwa gazetini akanitaka nimfanyie seti nzima.

Nilifanya. Jeshi jeusi nililikereza kwa mulombwa, mti mwekundu unaozidi kuiva ukipakwa mafuta. Kwa jeshi jeupe nilitumia mbao za masanduku yaliyoleta vipuri. Askari kumi na sita, wanane kila upande. Minara minne, mifupi, yenye meno juu. Wale wenye kichwa kilichochongoka, ambao kwa Kifaransa huitwa wenda wazimu, wanne. Malkia wawili, wafalme wawili, mfalme akiwa mrefu kuliko wote na msalaba kichwani. Farasi ndio walionichosha, kwa sababu farasi hakerezwi. Mashine inatoa kitu cha mviringo tu, na farasi ana pua, ana masikio, ana upande. Wale wanne niliwachonga kwa kisu, mmoja baada ya mwingine, nikajikata kidole gumba mara mbili.

Nilipoipeleka seti Jumamosi, nilivaa shati jeupe. Nilipanga vipande mezani, juu ya ubao niliouchora mwenyewe, kama vilivyokuwa pichani, kisha nikavuta kiti, nikakaa. Nilidhani ni jambo la kawaida. Katika dama yetu, aliyeleta ubao ndiye anayecheza mchezo wa kwanza, na hakuna anayebishana naye.

Karani mkuu akaweka mkono kwenye egemeo la kiti changu.

"Simama, ndugu. Weye chonga, siye tutawaza."

Wakacheka. Hapo ndipo mwalimu alipotoa lile neno lake la farasi, na muganga lile la kipimo. Niliwatazama hao wote, kisha nikamtazama yaya yangu nyuma ya meza ya chupa. Alikuwa anacheka akiwa ameshika kitambaa cha kufutia glasi. Nikasimama. Niliomba kwa maandishi kuingia uanachama wa cercle, na jibu likaja kwamba nyumba ile ni ya watu wa kalamu. Niliomba mara ya pili. Jibu halikuja kabisa.

Mwaka uliofuata nilitafuta karatasi ya ruhusa, nikapanda treni hadi Sakania, nikavuka hadi Ndola, upande wa Waingereza. Watu husema nilikimbia. Nilikwenda kuchukua kitu.

Nilichokichukua kwanza ni diploma. Nilisoma uchoraji wa mashine kwa njia ya posta, kwa Kiingereza, lugha ambayo siku ninafika sikujua hata kuombea maji. Mchana nilifanya kazi ya kukereza, jioni nilichora gia na mihimili mpaka macho yakaniwasha. Wengi walianza kozi ile. Katika wale niliowajua mimi, niliyemaliza ni mimi peke yangu. Diploma hiyo ina mhuri mwekundu na imening'inia ukutani kwangu mpaka leo, mbele kabisa, mahali mgeni akiingia hawezi kuikosa.

Cha pili nilikipata kwa fundi cherehani Mhindi aliyepanga chumba kando ya changu. Tulielewana kwa Kibemba kibovu, chake kibovu kuliko changu. Alikuwa na ubao wa eshek na hakuwa na wa kucheza naye. Siku ya kwanza tu aliugeuza ubao kabla ya kupanga kitu chochote, akanionyesha pembe ya mkono wangu wa kulia: nyumba ile, ule mraba wa pembeni, lazima iwe nyeupe. Nikakumbuka kwamba kule cercle nilikuwa nimeupanga ubao kombo, na kati ya wale watu wa kalamu hakuna aliyeona.

Aliyonifundisha naweza kumfundisha yeyote anayesoma hapa, na asiogope. Mnara huenda moja kwa moja, mbele, nyuma au kando, mbali utakavyo mradi njia iko wazi. Mwenda wazimu huenda mshazari, asitoke kamwe kwenye rangi aliyozaliwa nayo. Malkia anajua njia zote mbili, ndiyo maana anaogopwa. Mfalme huenda popote, lakini nyumba moja tu, kama mzee mwenye goti bovu. Askari huenda mbele nyumba moja, au mbili ile mara yake ya kwanza, lakini hula kwa mshazari, na akifika mwisho wa ubao anavuliwa uaskari na kuwa malkia. Farasi huenda nyumba mbili moja kwa moja na moja kando, akiruka juu ya kila aliyesimama njiani. Nilimshika farasi dakika ile ile. Mwaka mzima, alisema mwalimu.

Lakini jambo kubwa lilikuwa jingine. Mimi nilicheza kama mtu wa dama. Katika dama ukipata cha kula ni lazima ule, usipokula mwenzako anakipuliza kipande chako na kukitoa. Tena mchezo hauishi mpaka mmoja ameishiwa vipande vyote. Kwa hiyo kila fundi aliponiwekea kitu mdomoni, nilikula, na kila nilipokula nilishindwa. Siku moja akanishika mkono hewani. Akaniambia polepole kwamba hapa kula ni hiari, na kwamba mchezo mzima ni mtu mmoja tu, mfalme. Ukimtisha, mwenzako lazima amwokoe: amkimbize, aweke mtu katikati, au amuue anayetisha. Akishindwa yote matatu, mchezo umekwisha, hata kama ana jeshi zima na wewe umebaki na watu watatu.

Nilicheka peke yangu usiku ule. Nilikuwa nimewaona wale wa cercle wakicheza Jumamosi ile, nimesimama mlangoni. Walikula na kula, mfalme akaliwa katikati ya mchezo kama askari yeyote, nao wakaendelea mpaka ubao ukabaki mtupu. Walikuwa wanacheza dama kwa vipande vyangu, na hawakujua.

Nikaagiza Ubelgiji kwa posta kijitabu chembamba cha sheria, kwa Kifaransa. Nilijua nitakihitaji.

Nilirudi mwaka wa sita. Nilipewa kiti kirefu katika ofisi ya wachoraji wa mashine wa reli, mtu mweusi wa kwanza kukikalia, na niliagiza suti mbili kwa siku moja. Jumapili ya kwanza baada ya misa nilikwenda cercle. Karani mkuu alikuwa amenenepa. Mwalimu alikuwepo, muganga alikuwepo, na yaya yangu alikuwa nyuma ya meza ile ile ya chupa. Vipande vyangu vilikuwa mezani, vimeng'aa kwa jasho la mikono yao.

Nilimwambia karani mkuu kwa Kifaransa, mbele ya watu wote, kwamba nimekuja kucheza. Nikishinda, jina langu liandikwe leo katika daftari la wanachama. Nikishindwa, nitawakerezea seti mpya bure na kuileta kupitia mlango wa jikoni. Akatazama suti yangu, akatazama watu, akakubali. Nilipougeuza ubao ili nyumba nyeupe ije kulia, akauliza nafanya nini. Nikampa mwalimu kijitabu, nikamwomba atusomee.

Mwalimu akasoma kwa sauti. Alipofika mahali panaposema kula si lazima, sauti ikapungua. Alipofika kwenye kifo cha mfalme akarudia mstari, akamtazama karani mkuu. Mle ndani kitu kilichochapwa kwa Kifaransa kilikuwa hakibishiwi. Walikuwa wamewafukuza watu kwa kanuni hiyo.

"Siye twajua ile," karani mkuu akasema. "Tulikuwa tunacheza vile juu ya kupitisha wakati."

Nilikuwa mweupe. Nikasogeza askari wa mbele ya mfalme nyumba mbili, naye hivyo hivyo. Nikamtoa farasi kumwinda askari wake, akamlinda kwa askari mwingine. Nikamtoa mwenda wazimu wangu, nikamwelekeza kwenye askari mmoja anayelindwa na mfalme peke yake. Karani mkuu naye akamleta mwenda wazimu wake mpaka mbele ya farasi wangu, akatabasamu. Nyuma ya farasi huyo alisimama malkia wangu. Farasi akiondoka, malkia analiwa.

Nikamtoa farasi wa pili. Akasogeza askari wa pembeni nyumba moja, mwendo wa mtu asiye na haraka.

Hapo nikamrusha farasi wangu wa kwanza, yule aliyefungwa, akala askari katikati ya ubao. Malkia wangu akabaki wazi.

Nilikuwa nimesubiri mkono ule miaka sita. Angeweza kumla farasi yule kwa askari wake, na ningebaki mbele yake kwa askari mmoja tu, kazi ikawa ndefu. Kijitabu kilikuwa kimemwambia kula si lazima. Lakini mkono wa mtu wa dama hausomi. Ulishuka, ukamla malkia wangu, ukamweka kando kwa kishindo. Watu wakapiga makofi.

"Malkia yako iko wapi, mukereza?"

Mwenda wazimu wangu akala yule askari aliyelindwa na mfalme peke yake, akamtisha mfalme. Mfalme hakuweza kumla, farasi wangu alikuwa anamlinda. Akabaki na nyumba moja ya kukimbilia, akasogea mbele. Nikamleta farasi wa pili. Nikaondoa mkono.

Karani mkuu aliinamia ubao. Alimgusa mfalme akamwacha. Akahesabu nyumba kwa kidole, moja moja, kama anayetafuta jina lake kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Hakukuwa na nyumba. Jeshi lake lilikuwa limesimama, pungufu askari wawili tu, na watu wangu watatu walikuwa wamelimaliza kwa hatua saba.

"Simama, ndugu," nikamwambia. "Mushindwa anatoka mu kiti."

Akasimama. Daftari likaletwa na jina langu likaandikwa, yeye mwenyewe akishika kalamu. Ningeweza kwenda nyumbani. Sikwenda.

Nilimwita mwalimu. Alijificha: alimzungushia mfalme wake askari watatu kwenye mstari wa mwisho, akaona amejenga nyumba ya matofali. Mnara wangu ukaingia kwenye mstari ule, na askari wake mwenyewe ndio waliomzibia mfalme njia ya kutoka. Nilimuuliza kama aliuona mwendo wa farasi wangu vizuri au niurudie. Muganga msaidizi alikuwa ameona yaliyowapata wenzake, akaogopa kula chochote. Nilimnyang'anya mmoja mmoja, bila haraka, nikampeleka askari wangu mpaka mwisho nikapata malkia wa pili niliyekuwa simhitaji. Nilitaka aupate muda wa kufikiri juu ya kipimo.

Akabaki mmoja. Nikageuka kwenye meza ya chupa.

"Yaya, kuya ukae."

"Miye sijue ile muchezo, mudogo yangu."

"Nitakufundisha."

Hakutaka. Watu wakamsukuma, akaja na kitambaa chake begani, akakaa pembeni ya kiti kama anayesubiri kuitwa. Nilimfundisha kwa robo saa, yote niliyoandika hapo juu, kwa sauti ya upole. Farasi alimshika mara moja, na hilo lilinichoma kidogo. Kisha nikaanza. Malkia wangu na mwenda wazimu wangu wakaelekea wote kwenye yule askari dhaifu kando ya mfalme wake, na kwa hatua ya nne alikuwa amekwisha. Watu walicheka, kicheko kile kile cha siku ile, na safari hii sikuchekwa mimi.

Yaya hakucheka. Alimshika mfalme mwekundu, akamzungusha chini ya taa.

"Ndo hii ulifuata Ndola?"

"Ndo hii."

"Siku ile," akasema kwa sauti ya chini, "kama singecheka, wangenitoa mu kazi. Na mutoto wangu alikuwa mugonjwa."

Nilimsikia vizuri. Wale watatu nao walikuwa wamesimama nyuma yangu, na nilijua kwamba jioni hiyo hakuna mtu hata mmoja mjini aliyekuwa bado ananidai jibu. Yaya alikuwa anawarudisha askari wake mahali pao, mmoja mmoja, bila kukosea.

"Panga tena," akasema.

Nikapanga tena. Nikamshinda tena, kwa hatua tisa.