Mziba Mashimo ya Nyegere

Mume wangu kazini wanamwita Fuko, maana mchana kutwa yuko ardhini. Ameajiriwa kuziba mashimo ya nyegere kwenye tuta la bwawa. Shimo likiachwa, maji hupenya na tuta huporomoka. Mimi humkandia udongo, tena nikinung'unika.

Nyegere hakai mahali pamoja. Leo amechimba hapa, kesho yuko kule. Mwenye mtoto ndiye huhama zaidi, mtoto kambeba mdomoni. Kwa hiyo jioni Fuko humwaga majivu mlangoni mwa shimo. Asubuhi akikuta nyayo, anajua lina mwenyewe, analiacha. Majivu yakiwa safi, anajipenyeza hadi kiunoni kutazama lilikopinda, ndipo tunajaza.

Siku ile majivu yalikuwa safi.

"Baba Mapacha, ngoja kwanza," nikamwambia. "Kama hajatoka kabisa je?"

"Wewe kanda udongo. Nyegere na njaa hawalali chumba kimoja."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaingia. Mara nikasikia mkoromo usio wake, akashtuka, na udongo wa juu ukamlalia mabegani. Akakwama. Nyegere alikuwamo na mtoto wake, na mlango ulikuwa mmoja tu. Mume wangu ndiye alikuwa ameuziba.

"Nivute!"

Nikavuta miguu, kiatu kikanibakia mkononi.

"Ananitazama," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi usimtazame!" Niliogopa mpaka nikamtukana.

Kisha nikasikia makucha. Yule mama alikuwa amempa mgongo, anachimba kwenda juu, na udongo wote anaurushia usoni mwa mume wangu. Sauti yake ikakatika. Nikafukua kwa kucha zangu, nikilia.

Juu ya tuta nyasi zikatutumka, nyegere akatoka, mtoto ananing'inia mdomoni, akaenda zake. Kwa tundu lile hewa ikaingia. Nikamsikia Fuko akikohoa, nikamvuta hadi nje. Sijui kama nilimkumbatia au nilimpiga.

Chumba chetu cha kupanga kina mlango mmoja. Tulipofika hakuweza kukaa ndani. Chakula alikila kizingitini, kasimama. Alipomaliza akachukua nyundo na tindo, akaanza kutoboa ukuta wa nyuma. Mapacha wakabaki midomo wazi.

"Mwenye nyumba atatufukuza," nikasema.

"Na atufukuze."

Tindo iliteleza, akairudisha palepale. Nikasogeza kitanda ili apate nafasi.