Dawa Iliyokula Shaba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mbeya, Mkuu wa Karakana alinipa brashi nyembamba kama ya kupaka wanja. "Binti, hapa hatuchori maua. Mstari ukigusa mwenzake, redio imekufa."

Tulitengeneza redio za mawasiliano za ofisi za wilaya. Ndani ya kila redio kulikuwa na bodi ya saketi, yaani kibao kilichobandikwa shaba upande mmoja. Nilichora njia za umeme kwa rangi juu ya shaba ile, kisha tukazamisha kibao kwenye dawa kali. Dawa ilikula shaba yote isipokuwa iliyofunikwa na rangi. Ndipo tukatoboa matundu na kulehemu vifaa kwa risasi iliyoyeyushwa. Bodi moja ilinichukua siku nzima, na niliipenda mno kazi ile.

Dawa ikishachoka iligeuka kijani. Mkuu aliagiza tuimwage mtaroni, nyuma ya karakana. Mtaro uliteremka hadi kwa Mama Sekela, mjane aliyemwagilia kabichi zake kwa maji hayo.

Msimu wangu wa pili alikuja mlangoni ameshika kabichi iliyonyauka, majani ya njano.

"Mwanangu, mnamwaga nini kule nyuma?"

Niliingia kumuuliza Mkuu. Hakuinua kichwa. "Mwambie hatumwagi kitu. Au unataka tufungiwe, urudi kwenu?"

Nilirudi mlangoni. "Hatumwagi kitu, mama. Labda ni ugonjwa wa mboga."

Akanishukuru. Wiki ile ile nilimwaga ndoo nyingine.

Baadaye nilihamishiwa Iringa. Huko Meneja alileta filamu na taa maalumu. Mchoro ulipigwa juu ya shaba kama picha, na brashi yangu ikawekwa kabatini. Ikaja kompyuta. Mwishowe bodi zikaagizwa China, zenye tabaka za shaba ndani kwa ndani, na vifaa vidogo kama punje za ulezi. Bodi ikiharibika, inatupwa.

"Mama, kuchora kumekwisha," Meneja aliniambia. "Lakini stoo inahitaji mtu."

Nikakaa stoo hadi kustaafu. Ninyi vijana mnaagiza bodi kwa simu na zinafika safi. Anayeishi chini ya mtaro wa kiwanda kinachozitengeneza hamumwoni. Mimi wangu nilimwona.

Mwaka huu nilikwenda Mbeya kumtafuta. Nilimkuta binti yake, Sekela, akimenya viazi uani. Mama yake alishafariki.

"Lile shamba aliliacha," alisema. "Alijilaumu hadi mwisho. Alidhani yeye ndiye hajui kulima."

Nikamweleza yote: ndoo, mtaro, na uongo wangu pale mlangoni. Alisikiliza huku akimenya. Nilipomaliza, akaweka kisu chini.

"Sasa unaniambia mimi ili iweje, bibi?"

Nikainuka kuaga. Alinisindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, kama mgeni yeyote, ila hakuniambia karibu tena.